Piga Mswaki Usiku: Mwongozo Kamili wa Kutunza Meno ya Nyumba Nzima

Nyumba nyingi zina utaratibu mmoja. Mtu akiamka anapiga mswaki haraka haraka, anakunywa chai ya maziwa yenye sukari na maandazi, kisha anatoka. Usiku anakula, anatazama taarifa ya habari, anaongeza kikombe kingine cha chai, analala. Mswaki unangoja hadi asubuhi. Meno ya mtu huyo hukaa na mabaki ya chakula karibu saa 24 mfululizo, na bado ukimuuliza kama anapiga mswaki kila siku atajibu ndiyo, wala hatakuwa amedanganya.

Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo moja, nalo ni muda. Saa ambazo sukari na uchafu vinakaa juu ya jino ndizo zinazoliharibu. Bei ya dawa ya meno na nguvu za mkono vina uzito mdogo kuliko tunavyodhani. Ukiweza kubadili kitu kimoja tu katika maisha yako, badili usiku wako.

Kinachotokea mdomoni

Ukoga ni ule utando laini wenye kunata unaousikia kwa ulimi asubuhi. Umejaa bakteria. Ukila kitu chenye sukari, au wanga uliosagwa kama biskuti na mkate mweupe, nao wanakula, na wakila wanatoa asidi. Ndani ya dakika chache asidi hiyo inaanza kunyonya madini kwenye tabaka gumu la nje la jino. Mate ndiyo yanayoizimua na kurudisha madini taratibu, lakini kazi hiyo huyachukua kati ya nusu saa na saa nzima.

Hapo ndipo hesabu inapogeuka. Mtu anayekunywa soda na kuimaliza pamoja na chakula cha mchana ameyapa mate kazi mara moja. Mwenzake anayetembea na chupa hiyo hiyo, funda moja kila baada ya dakika 20 kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana, hajayapa mate nafasi hata kidogo. Sukari waliyokunywa ni sawa. Tundu atalipata huyu wa pili.

Na usiku? Ukilala, mate hupungua sana. Asidi iliyoachwa mdomoni saa 4 usiku haina wa kuizimua mpaka alfajiri. Ndiyo maana mswaki wa usiku una faida kuliko wa asubuhi, na ndiyo maana ukishaupiga usile tena wala kunywa kitu kingine zaidi ya maji.

Ukoga ukiachwa siku kadhaa bila kuguswa huchukua madini ya kwenye mate na kuwa mgumu. Huo sasa ni ugaga, wa njano au wa kahawia, na hupenda kukaa nyuma ya meno ya mbele ya chini. Ugaga hautoki kwa mswaki hata usugue mpaka mkono uchoke. Huondolewa kliniki kwa vifaa maalumu. Wapo wanaokimbia huduma hiyo kwa kuamini kwamba kusafishwa hulegeza meno. Meno yanayolegea baada ya kusafishwa yalikuwa yameshapoteza mfupa wa kuyashika. Ugaga ulikuwa unaficha tu.

Vifaa

Nunua mswaki laini. Madukani ni rahisi kupata migumu na ya kati, na wengi huipenda kwa sababu wanahisi inasafisha zaidi. Ukweli ni kwamba mswaki mgumu ukiongezewa nguvu za mkono hukwangua shingo ya jino na kuzirudisha fizi nyuma, na baada ya miaka unashangaa kwa nini maji ya baridi yanakutia ganzi. Tafuta pakiti iliyoandikwa soft. Badilisha mswaki kila baada ya miezi 3, au mapema zaidi nywele zake zikishaanza kulala pembeni. Uweke umesimama mahali pakavu penye hewa, usiufunge kwenye mfuko wa plastiki ukiwa umelowa, na kila mtu awe na wake. Mume na mke pia.

Dawa ya meno iwe na floraidi. Hii ndiyo inayosaidia jino kurudisha madini na kustahimili asidi. Soma orodha ndogo nyuma ya tyubu: ukiona sodium fluoride au sodium monofluorophosphate, umepata. Kwa mtu mzima tafuta kiwango cha ppm (sehemu kwa milioni) 1000 hadi 1500, ambacho kwa kawaida huandikwa hapo hapo. Dawa ya bei nafuu yenye floraidi inaishinda ya bei ghali isiyo nayo, hata hiyo ya ghali ikiwa na picha ya majani ya mwarobaini na maneno matamu kuhusu asili.

Mkaa, majivu na chumvi vimetumika vizazi na vizazi, na siku hizi mkaa umerudi kwa mbwembwe ndani ya vikopo vya vipodozi. Vinasugua, na kwa kusugua vinatoa madoa ya juu, kwa hiyo jino linaonekana jeupe. Lakini vinakwangua, na floraidi havina. Mtu aliyekwama bila dawa afadhali atumie mswaki na maji matupu.

Hatua za mswaki wa usiku

1. Maliza kula na kunywa. Kama ulichomaliza nacho ni kikali, tuseme juisi ya ukwaju, embe bichi kwa pilipili, ndimu au soda, sukutua kwa maji na usubiri nusu saa. Asidi hulainisha uso wa jino kwa muda, na ukilisugua katika hali hiyo unaondoa tabaka lenyewe.

2. Weka dawa kiasi cha punje ya choroko au ya kunde. Ule mstari mrefu unaojaza mswaki wote ni wa kwenye matangazo.

3. Laza mswaki kwa mshazari, nywele zielekee pale jino linapokutana na ufizi. Huu ndio mpaka ambao ukoga huanzia, na ndio mpaka ambao watu wengi huuruka kwa kusugua katikati ya jino tu.

4. Sogeza mswaki kwa miondoko mifupi, ya taratibu, meno mawili au matatu kwa wakati mmoja. Ushike kwa vidole kama kalamu. Ukiukamata kwa ngumi lazima utasugua kwa nguvu. Anza mahali pamoja kila siku ili usisahau pengine: nje ya meno ya juu kutoka gego la kulia hadi la kushoto, kisha ndani yake, halafu chini hivyo hivyo, mwisho sehemu za kutafunia.

5. Nyuma ya meno ya mbele, simamisha mswaki wima utumie ncha yake. Gego la mwisho kabisa nalo lina tabia ya kusahauliwa. Funga mdomo kidogo ili shavu lilegee, mswaki utafika.

6. Jumla iwe dakika 2. Tumia saa ya simu siku za mwanzo, kwa sababu dakika 2 ni ndefu kuliko unavyofikiri.

7. Pitisha mswaki juu ya ulimi kutoka nyuma kuja mbele mara chache. Harufu mbaya ya kinywa nyingi hutokea hapo nyuma ya ulimi.

8. Tema. Usisukutue.

Hatua hiyo ya 8 ndiyo inayopingwa zaidi, maana tumezoea kikombe cha maji na kusukutua mpaka povu liishe. Ukisukutua unamwaga floraidi uliyoilipia, nayo inahitaji kukaa juu ya jino. Tema povu vizuri, futa mdomo, nenda kalale. Baada ya siku chache ladha haitakusumbua tena. Kwa nyumba zinazochota maji kwa ndoo, ni akiba pia.

Damu ikitoka unapopiga mswaki, wengi huacha kugusa pale panapotoka. Fanya kinyume chake. Mara nyingi ufizi unavuja damu kwa sababu ukoga umekaa hapo na kuuvimbisha. Endelea kupasafisha kwa upole kila siku, na kwa kawaida ndani ya wiki 1 hadi 2 damu hukata. Isipokata, hapo kuna ugaga au tatizo lingine linalohitaji kliniki. Wenye kisukari wawe wepesi zaidi kwenda: sukari isiyodhibitiwa huzidisha ugonjwa wa fizi, na fizi zinazougua nazo hufanya sukari iwe ngumu kudhibiti. Wajawazito fizi zao huvimba kwa urahisi kwa sababu ya homoni. Yale maneno kwamba mtoto tumboni hunyonya madini ya meno ya mama hayana ukweli, na mjamzito anaweza kutibiwa meno. Amwambie tu daktari kuwa ni mjamzito.

Mswaki wa mti

Kwa watu wa pwani na kwa Waislamu kokote waliko, mswaki wa mti una heshima yake, na vifungu vyake huuzwa nje ya misikiti mingi. Mti wenyewe, Salvadora persica, una viambato vinavyopunguza bakteria, na ukitumiwa vizuri unaondoa ukoga kweli. Shida iko kwenye namna ya kuutumia. Wengi huusugua meno ya mbele kwa nje, huku wakizungumza, basi.

Chagua kijiti kibichi, kinene kama kidole kidogo. Menya ganda la ncha kiasi cha sentimita 1, kitafune mpaka kiwe na nywele laini, usugue kutoka kwenye ufizi kuelekea ncha ya jino. Upande wa ndani na magego ndiyo sehemu ngumu kufika, kwa hiyo zipe muda zaidi. Kata ncha ya zamani na utengeneze mpya mara kwa mara. Ushauri wangu ni kuutumia mchana, baada ya chakula na kabla ya swala, kisha usiku ukatumia mswaki wa kawaida wenye dawa ya floraidi. Viwili hivyo havigombani.

Katikati ya meno

Mswaki haupiti kati ya jino na jino, na matundu mengi ya watu wazima huanzia humo. Uzi wa meno hupatikana kwenye maduka ya dawa na supamaketi za mijini. Kata kipande kirefu kama mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, zungushia kwenye vidole vya kati, uingize kwa kuusogeza mbele na nyuma taratibu, uukumbatishe kwenye ubavu wa jino, upandishe na kushusha. Kisha ubavu wa jino la jirani. Usiushindilie kwa nguvu ukakata ufizi. Mara moja kwa siku inatosha, usiku, kabla ya mswaki.

Njiti ya kiberiti, pini na ncha ya kisu viache. Kijiti cha kuchokolea meno kinafaa kutoa uzi wa nyama, hakiondoi ukoga. Na kama nyama hukwama mahali pale pale kila siku, huenda pana tundu.

Asubuhi na mchana

Asubuhi unaweza kupiga mswaki kabla ya chai. Wengine husema ni kazi bure kwa kuwa utakula tena, lakini unakuwa umeondoa ukoga wa usiku na umeacha floraidi kwenye meno kabla sukari haijafika. Baada ya chai sukutua kwa maji. Ukipendelea baada ya kula, subiri nusu saa.

Mchana shughuli kubwa ni kupunguza idadi ya mara unazokula vitu vitamu. Kashata, visheti, ubuyu wa rangi, juisi ya miwa, chai ya saa 4, bablishi ya mtoto: kula hivyo pamoja na mlo, kisha acha. Ubuyu ndio wa kuangaliwa zaidi kwa sababu unanyonywa, na kitu kinachonyonywa hukaa mdomoni muda mrefu. Kunywa maji baadaye. Karanga, matango, karoti na matunda mazima ni vitafunwa vyenye huruma kwa meno. Wanaotafuna mirungi wana tatizo la pili juu ya la kwanza: mdomo unakauka, kisha wanautuliza kwa soda na bablishi zenye sukari kwa saa kadhaa. Ugoro, kuberi na tambuu yenye popoo viko kwenye fungu jingine kabisa, kwa sababu huongeza hatari ya saratani ya kinywa.

Mwezi wa Ramadhani usiku hugeuka mchana. Kuanzia futari, tende, uji, kaimati na juisi hufuatana mpaka daku. Jaribu kuvikusanya vitamu kwenye futari badala ya kuvitawanya usiku mzima. Piga mswaki wa dawa ukimaliza daku, kabla ya adhana ya alfajiri, kwa kuwa unaingia kwenye saa nyingi za mdomo mkavu. Mchana mswaki wa mti unakutosha.

Watoto

Anza siku jino la kwanza linapochomoza, kwa wengi karibu na miezi 6. Mswaki mdogo laini, dawa yenye floraidi kiasi cha punje moja ya mchele mpaka afike miaka 3, kisha kiasi cha punje ya kunde. Afundishwe kutema. Mzazi ndiye apige mswaki, au asimamie, hadi miaka 7 au 8, kwa sababu mkono wa mtoto bado hauna ustadi, na mtoto anayejifungia bafuni na mswaki mara nyingi anaulowesha tu. Mketishe mbele yako akiwa amekupa mgongo, kichwa chake kiegemee kifuani kwako, utaona meno yote.

Usimlaze na chupa ya maziwa yenye sukari, uji mtamu au juisi. Meno ya mbele ya juu yanaweza kuoza moja baada ya jingine kabla hajatimiza miaka 3. Na usiseme hayo ni ya utoto yatang'oka tu: yale 20 ya utoto hushikilia nafasi ya meno ya ukubwani, na jino bovu humnyima mtoto usingizi na chakula.

Akifika miaka 6 chungulia nyuma kabisa. Magego ya kwanza ya ukubwani huota hapo kimya kimya, nyuma ya ya utoto, bila jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hudhani ni ya utoto na kuyaacha yaoze. Hayana mengine yatakayofuata.

Sasa jambo ambalo linahitaji kusemwa waziwazi. Katika sehemu nyingi za Tanzania, Kenya na Uganda mtoto mchanga akipata homa na kuharisha, utasikia jirani akisema ana meno ya plastiki. Fundi huitwa, hupasua ufizi kwa kitu chenye ncha na kutoa vitu vyeupe laini. Vitu hivyo ni vichipukizi vya meno yake mwenyewe, mara nyingi chonge, ambavyo havijakomaa. Watoto wamevuja damu sana, wamepata maambukizi, wengine wamekufa. Wanaopona huweza kukua na chonge zilizopinda au zisizokuwepo. Ugonjwa wa mtoto huyo ni homa na kuharisha. Mpe maziwa ya mama, mpe maji ya ORS, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mama mkwe akisisitiza, mwombe mwende naye kliniki, asikie kwa mhudumu mwenyewe.

Maji yenye floraidi nyingi

Arusha, Meru, sehemu za Kilimanjaro, na kwa upande wa Kenya Nakuru na Naivasha, maji ya visima na chemchemi nyingi yana floraidi kuliko kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita. Floraidi ikizidi tumboni wakati meno yanajengeka, kabla ya miaka 8 hivi, meno hutoka na mabaka ya kahawia. Mswaki hauyaondoi, na aliyenayo asidhaniwe mchafu. Kuchemsha maji hakusaidii, tena yanapopungua sufuriani floraidi inazidi kukolea. Kwa watoto wadogo tumia maji ya mvua au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa, na punguza magadi kwenye maharage na makande, kwa kuwa nayo huleta floraidi. Dawa ya meno endeleeni nayo kwa kipimo kile kidogo, huku mkisimamia mtoto asimeze.

Lini uende kliniki

Mara moja kwa mwaka hata kama hujaumwa. Tundu dogo huzibwa kwa muda mfupi na jino likabaki. Ukisubiri mpaka likuamshe usiku, unabakiwa na njia mbili, kutibu mzizi kwa gharama kubwa au kung'oa. Katika nchi zetu kung'oa ndiko kunakochaguliwa mno. Uliza kwanza kama linazibika.

Wakati unasubiri, maji ya uvuguvugu yenye chumvi nusu kijiko cha chai kwa glasi husaidia, na tone la mafuta ya karafuu kwenye pamba hupunguza maumivu kwa muda. Aspirini meza, kama daktari hajakukataza na si mtoto. Usiibandike kwenye ufizi, inaunguza. Shavu likivimba, ukapata homa, au ukashindwa kumeza au kufungua mdomo, nenda siku hiyo hiyo, hata usiku. Kidonda au baka jeupe au jekundu lisilopona kwa wiki 2 lionwe na daktari.

Jino la ukubwani likitoka zima kwa kuanguka au ajali ya bodaboda, lishike sehemu ya kutafunia, usiguse mzizi. Likiwa chafu lisuuze kidogo kwa maziwa au maji safi bila kulisugua. Kama aliyeumia ana fahamu zake, lirudishe kwenye tundu lake, ang'ate kitambaa safi. Ukishindwa litumbukize kwenye maziwa, nenda kwa daktari wa meno ndani ya nusu saa kama inawezekana. La utoto lisirudishwe, linaweza kuumiza lile linalokuja chini yake.